Dawa Pole kwa Uso wa Odongo

Opio mwanangu,

Begi limefungwa na wewe umelala, kwa hiyo sitaandika habari za blanketi wala za kuwahi gari. Hayo tumeyasema jioni nzima mpaka ukawa unanijibu "sawa mama" kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia juu ya ile filimu. Tangu Jumapili hatujaitaja. Ukipita karibu na kopo lake unapita kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala, na mimi nafanya vivyo hivyo. Ulisema utaibeba ukaisafishe Nairobi unakokwenda kazini, "kule kuna watu wanaojua, mama." Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa sababu nimekubali.

Unajua kilichomo. Ndani ya filimu hiyo, kama Mungu alipenda, umo uso wa ndugu yako Odongo, na hakuna mahali pengine chini ya jua ulipobaki. Filimu husafishwa mara moja tu. Ukiiweka katika dawa isiyoifaa, hakuna kurudi mlangoni kuomba msamaha. Ndiyo maana tuligombana kwa ajili ya dawa, mimi na wewe, mpaka jirani yetu Mama Ikwap akagonga ukuta.

Wacha nikueleze nilikotoka na ubishi huu, maana vipande umevisikia, lakini vyote kwa mpangilio sijawahi kukupa.

Nilipoletwa studio ya Mzee Wandera, mume wa shangazi yangu, nilikuwa nimemaliza darasa la nane na habari ya sekondari haikuwepo nyumbani. Siku ya kwanza akaniambia, "Nabwire, nisafishie ile filimu ya mezani," akatoka kwenda kunywa chai. Mimi nikaivuta yote kutoka kwenye kikasha chake, nikaiona ina rangi ya kijivu, chafu kweli. Nikaenda bombani na sabuni ya unga. Nikaisugua mpaka vidole vikateleza, nikaianika kwenye kamba pamoja na soksi zake.

Alirudi akasimama mlangoni.

"Nabwire, umefanya nini?"

"Nimesafisha, mzee."

"Umesafisha na nini?"

"Na sabuni."

Akakaa kwenye kiti cha wateja akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akanyamaza ghafla, kwa sababu humo ndani mlikuwa na sura za wachuuzi waliokuwa wakingoja picha za vibali vya kuvuka mpaka. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa aliniita Bi Sabuni. Lakini hakunifukuza. Alinipeleka chumba cha giza akafunga mlango, akasema, "Wewe ni Nabwire, mtoto wa usiku, hapa ni kwenu." Akanieleza kwamba picha imekwisha kuingia ndani ya filimu siku mtu alipopigwa, ila haionekani. Dawa ndiyo huiita itoke. Na dawa moja huita kwa kelele, nyingine huita kwa sauti ya chini.

Sisi tulitumia ya kelele. Huo ndio mwanzo wa makosa yangu, na wakati ule halikuwa kosa. Mpaka haungoji mtu. Mwanamke ameshusha magunia ya dagaa upande huu, anataka picha kabla geti halijafungwa, utamwambia nini? Picha za rangi tulizipeleka Kisumu, zikarudi baada ya siku nyingi, lakini nyeusi na nyeupe tulisafisha wenyewe. Dawa tuliikoroga nzito, tukaitumia na joto lake hili la Busia, tukalitikisa tangi kama mtu anayesukasuka kibuyu cha maziwa. Negativu ilitoka nyeusi tii, ngumu. Mzee alikuwa akiishika mbele ya dirisha na kusema, "Hii ina nguvu." Kwetu nguvu ilikuwa sifa.

Na mashine yake ya kukuzia picha iliivumilia nguvu hiyo, kwa sababu ilikuwa na yeye nyuma yake. Mahali palipokuwa peusi mno kwenye negativu, mahali ambapo kwenye karatasi pangetoka peupe kama sahani, Mzee alikunja mikono chini ya taa akaacha tundu dogo kati ya vidole, mwanga ukapita hapo tu, peke yake, ukikaa mpaka pua na macho vikatokea. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa kunong'ona huku akisubiri. Mimi nilidhani mikono hiyo itakuwepo siku zote.

Wewe na Odongo mlizaliwa nikiwa na miaka kumi na saba. Baba yenu, unajua, alikwenda kutafuta kazi mbali na akapata kila kitu isipokuwa njia ya kurudi. Mlifanana mpaka nyanya yenu wa Paya, mama wa baba yenu, alikuwa akimnywesha uji mmoja mara mbili na mwingine analia. Watu wakaniita Nalongo, mama wa pacha, na mpaka leo sokoni wananiita hivyo, hata wasiojua kwamba nimebaki na mmoja.

Siku ya ubatizo wenu kule Paya niliazima kamera ya Mzee. Nyanya yako alikaa kwenye kiti mlangoni mwa kanisa, wewe goti la ndani penye kivuli, Odongo goti la nje, jua la saa sita likimmwagikia yeye na shuka yake nyeupe. Nilipiga nikiwa na furaha. Nikarudi studio, nikaisafisha mwenyewe, peke yangu kwa mara ya kwanza, na nikataka sana iwe na nguvu ili Mzee anisifu. Nikaongeza dawa. Nikatikisa kuliko kawaida. Ilitoka nzito kama ubao wa shule.

Mzee aliishika dirishani. Hakusema ina nguvu. Alisema, "Mh, Bi Sabuni, huyu wa nje umempika akaungua." Lakini akaingia nayo gizani, akaimba nyimbo zake nyingi, na alipotoka alikuwa na picha moja. Nyote wawili mlikuwemo. Uso wa Odongo ulionekana wote, hadi lile tone la mate kidevuni. Akaniambia, "Hii sitaweza tena, mikono imechoka." Nikacheka. Nilidhani anatania.

Odongo aliugua homa kabla hamjafika miaka mitatu. Sitaandika juu ya ule usiku na barabara ile. Unajua alizikwa Paya. Usichojua, kwa sababu nilimkataza nyanya yako asikuambie ungali mdogo, ni kwamba picha ile ilikwenda naye. Nyanya yako aliiomba. Alisema pacha anayetangulia akienda peke yake atarudi kumwita mwenzake, heri apewe sura ya mwenzake alale nayo. Mimi nilikuwa mama mtoto, Opio, nikiwa na mtoto mmoja mkononi na mwingine kwenye sanduku. Mtu akikuambia jambo hili litamlinda aliyebaki, unabisha? Nikaitoa. Na moyoni nikasema, negativu ninayo, Mzee atanitolea nyingine.

Mzee naye akaanguka akafa kabla mwaka haujageuka. Mashine yake watoto wake waliiuza kama chuma. Karatasi zikaisha madukani, zikaja kamera zisizo na filimu, nikajifunza hizo ili tule. Nikabaki na negativu kwenye bahasha na sikuogopa, kwa sababu kitu ukiwa nacho hukikumbuki.

Mpaka mwaka jana ulipojifunza kutumia ile skana ya cyber, inayoingiza picha kwenye kompyuta, ukaichukua negativu bila kuniambia ili unifurahishe. Ulirudi ukikimbia na simu mkononi.

"Mama, nimeipata picha ya ubatizo! Nyanya ni yeye kabisa. Huyu hapa ni mimi?"

"Ndiyo ni wewe."

"Na huyu wa pembeni ndiye Odongo? Mbona hana uso?"

Nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna mpaka nikafika kwenye kifuu.

Wewe ulirudi kule mara kwa mara, ukajaribu kuongeza mwanga, kupunguza mwanga, na kila ulipolazimisha ilitoka chengachenga tupu, kama televisheni isiyo na antena. Baadaye tukaelewa pamoja. Skana haina mikono, mwanangu. Inapita juu ya kila mtu kwa subira ileile moja, aliyekaa kivulini na aliyekaa juani. Mahali ambapo negativu ni nyeusi mno, mwanga wake unagonga ukuta na kurudi. Negativu niliyoipika kwa ajili ya mikono ya Mzee Wandera, mikono ile ikishaoza, ni mlango uliofungwa. Sikuwahi kujiuliza picha hii siku moja itakwenda wapi.

Ndipo nikakuonyesha kopo. Kamera ile ilikuwa na filimu nyingine ndani siku Odongo alipofariki. Mwanzo wake ni wateja wa vibali, na mwisho wake ni nyinyi wawili, Jumapili moja kwa mama yangu kule Lunyo, mkicheza penye muhogo ulioanikwa. Mzee aliitoa akanipa. "Hii ni yako, Nabwire. Utaniambia ukiwa tayari." Wateja aliwapiga upya, akawaambia kamera imezila sura zao. Mimi sikuwa tayari. Nikaifunga katika kopo la maziwa ya unga nyuma ya mtungi, penye baridi, na humo imekaa umri wako wote unaoukumbuka.

Sasa ule ugomvi wetu. Uliniambia, "Mama, filimu ya miaka yote hii imechoka. Inataka dawa kali iiamshe." Nami nikakwambia aliyechoka haamshwi kwa makofi. Ukasema kwenye simu wanasema hivi, kwenye simu wanasema vile. Nikakuuliza simu imewahi kusafisha filimu ngapi. Hapo nilikosea, maana simu hiyo ndiyo iliyonifundisha mambo mengine ambayo Mzee hakuyajua, na nakuomba radhi. Lakini tulifanya jambo moja zuri kabla hatujakasirikiana. Tulijaribu.

Utakumbuka tulipata kwenye sanduku la studio filimu ya aina ileile, ya zamani vilevile, haijapigwa. Tukamkalisha Mama Ikwap mlangoni pa kibanda chake cha mandazi, nusu juani nusu kivulini, na kitambaa chake cheupe kichwani, tukampiga filimu nzima. Tukaikata vipande vitatu.

Cha kwanza tulikitia katika dawa kali ya studio, kama zamani. Cha pili kilikuwa chako, kile cha kwenye simu: kahawa ya mlimani, magadi, na vidonge vya vitamini C ulivyovisaga na chupa. Mama Ikwap akapaza sauti kutoka upande wa pili, na Kiswahili chake cha Tororo, "Nalongo! Nyinyi napika nini huko? Kahawa gani nanuka kama soksi ya askari?" Ukamjibu, "Mama, tunakupika wewe," na yeye akasema, "Basi tia sukari." Cha tatu kilikuwa changu: ile dawa ya unga niliyoiagiza ikaja na basi, dawa pole, nikaikoroga kwanza, kisha nikaizimua kwa maji kiasi sawa na yenyewe, maji yaliyochemshwa yakapoa kwenye mtungi, na tangi nikaligeuza taratibu kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala.

Tulipovipeleka vyote kwenye skana na kumwonyesha picha Mama Ikwap, unakumbuka alivyosema? Ya kwanza, nusu ya uso iliyokuwa juani ilikuwa imefutika na punje zimesimama kama mchanga. "Haa, mimi nimekuwa mzungu na surua!" Ya kahawa, ukungu ulifunika kila kitu, kahawia tupu, na nyuma yake mtu kwa mbali. "Huyu ni marehemu shangazi yangu, si mimi." Ya tatu ilitoka skana ikiwa imepooza, kijivu, haina nguvu yoyote, na wewe ukanitazama kwa jicho la ushindi. Lakini kila kitu kilikuwemo. Jua lilikuwemo na kivuli kilikuwemo. Ukavuta weusi kidogo na weupe kidogo kwenye kompyuta, wewe mwenyewe kwa mkono wako, na Mama Ikwap akajitokeza na kovu lake la nyusi na unga wa mandazi shavuni. Akaisogelea kompyuta. Halafu akasema, "Hii nipeni. Hii nataka ile siku yangu ya mazishi."

Hilo ndilo somo lote la dawa, na sitalirudia zaidi ya hapa. Kama negativu itasomwa na skana, iwe nyembamba. Ile sehemu yake nyeusi kabisa uweze kuona herufi za gazeti kupitia. Isiwe ya kuvutia dirishani. Ukiiona ukadhani haina kitu, subiri kwanza. Nguvu utaiongeza baadaye kwenye kompyuta, lakini kilichoungua hakiongezwi wala hakipunguzwi. Na kivuli ambacho hakikupata mwanga siku ya kupiga, hakuna dawa, kali wala pole, itakayokiumbia macho.

Ila jioni ile hukukubali. Ulisema Mama Ikwap amepigwa juzi, na Odongo alipigwa zamani, si kitu kimoja. Picha inafifia ndani ya filimu, yataka kusukumwa. Mwanangu, ulikuwa na haki nusu. Na mimi badala ya kukupa nusu yako nikapiga kelele. Nilisema neno nililojuta. Nilisema, "Wewe utajua nini, kwani wewe ndiye uliyempoteza?" Ukasimama. Ukasema kwa upole ule unaoniumiza kuliko hasira, "Basi mama, nitaibeba Nairobi."

Ulikuwa umempoteza, hata kuliko mimi. Mimi nilikuwa na wewe.

Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Miaka hii yote sikuhitaji picha ya Odongo kwa sababu nilikuwa na uso wako. Ulipong'oka jino la kwanza, mimi niliona meno mawili. Ulipoanza kuota ndevu hizi za aibu unazozinyoa kwa siri, nilisema moyoni, na yeye angekuwa nazo. Ulikuwa ukiniuliza, "Mama, mbona unanitazama hivyo?" nami nasema naangalia kola ya shati. Haikuwa kola. Nilikufanya dirisha la kumchungulia mtu mwingine, na mtoto akifanywa dirisha anakaa kimya sana. Walimu walikusifu kwa ukimya huo. Mimi nilijua unatoka wapi, nikauacha.

Kesho unaondoka na uso huo, na ni haki yako, ni wako. Nilipolielewa hilo ndipo nikajua kwa nini filimu hii siwezi kukupa uibebe ikiwa giza. Ungekwenda Nairobi, kwenye nyumba ile ya kuhifadhi picha za zamani, siku yako ya kwanza kazini, na ndugu yako mfukoni kama jiwe. Ungeisafisha usiku, peke yako. Ikiharibika ungenificha. Naijua tabia yako, ni yangu.

Kwa hiyo leo ulipokwenda Paya kumuaga nyanya yako, nilifunga studio. Mama Ikwap akauliza, "Nalongo, leo nafunga mapema, nakwenda wapi?" Nikamwambia naenda kwa mtoto. Hakuuliza yupi.

Sikukuuliza na wewe. Ungekataa, au ungekubali kwa heshima, na vyote viwili visingenisaidia.

Niliziba dirisha la chumba kwa blanketi, nikakaa sakafuni. Nilianza na neno lako. Kwa kuwa wateja wa vibali wako mwanzo wa filimu, nilikata kipande kidogo cha mwanzo, nikakisafisha peke yake katika dawa pole kwa muda uleule wa Mama Ikwap. Kilitoka kimefifia mno. Sura ya mwanamke mmoja ilikuwepo, lakini kama pumzi kwenye kioo. Nikasema, Opio alisema kweli, imechoka. Sikwenda kwenye dawa kali. Nilibaki na pole ileile, nikaipa nafasi zaidi, nikakata kipande kingine. Mwanamke wa pili akatoka na hereni zake. Utando upo, filimu ya zamani haikosi utando, lakini mwanga unaupita. Basi nikatia iliyobaki yote ndani ya tangi, nikafunga mfuniko kwa mikono hii niliyoiogopa miaka yote. Niligeuza taratibu. Nilijikuta naimba.

Nimeiona, Opio. Imetoka.

Ni nyembamba, ungeidharau. Nimeipitisha mbele ya taa na gazeti nyuma yake na nimesoma matangazo ya mazishi na ya mbegu za mahindi. Hakuna mahali palipoungua. Mko wawili uchi wa mnyama, na muhogo wa mama yangu chini umetapakaa, weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe kama negativu zilivyo. Sikuigeuza rangi kwenye simu iwe picha. Kazi hiyo nimekuachia. Nimezikata, nimezitia kwenye karatasi laini, ziko kati ya mashati yako ili zisipindike. Zipitishe kwenye skana polepole, usikaze weupe, uache nafasi juu na chini, halafu ndipo ulete nguvu kidogo kidogo mpaka ngozi yake iwe ngozi.

Huko wataleta filimu zao watu wengi, na kila mmoja atakuambia hii ndiyo ya pekee, na atakuwa anasema kweli. Usianze na dawa. Waulize kwanza inakwenda wapi na nani ataitazama. Wakikuharakisha, wacha waondoke wakiwa wamekasirika. Heri hivyo. Na ukikosea, maana utakosea, waambie siku ileile.

Na ukichoka kwa ukimya wako, ongea. Huna mtu wa kumbebea sura tena.

Lakini kuna jambo nililoliona leo ambalo sikulitarajia, na sitaki ulione peke yako huko bila kuambiwa. Niliogopa kwamba sitawatambua. Mlifanana mno, na kwenye negativu hata mimi nafanana na Mama Ikwap. Nikasema, sitajua yupi ni yupi, na itakuwa kama sijampata. Haikuwa hivyo. Kwenye kila picha, mtoto mmoja ananiangalia mimi, kinywa wazi, anakuja kuikamata kamera. Alikuwa hivyo, Odongo, kila kitu kilikuwa chake. Mwingine hayuko nami kabisa. Amekaa, amesimama, ameangukia muhogo, na kila mara kichwa chake kimegeukia upande mmoja.

Wewe hukuwahi kuiangalia kamera, mwanangu. Filimu nzima, unamwangalia yeye.

Mama yako,
Nabwire